Uvimbe wa puru kwa mbwa: namna ya kuupima, kuutoa na kumtunza mbwa baadaye

Mbwa mwenye uvimbe ndani ya puru mara nyingi haonekani mgonjwa. Anakula, anacheza, uzito haujashuka, na kinyesi chake kimeumbika vizuri. Ila juu ya kinyesi hicho kuna michirizi ya damu mbichi na ute. Wakati mwingine matone ya damu hubaki sakafuni hata pasipo haja, au mbwa anaendelea kuchutama na kujikamua dakika kadhaa baada ya kumaliza. Minyoo na kolaitisi (uchochezi wa utumbo mpana) huleta dalili zilezile, kwa hiyo mbwa hupewa dawa ya minyoo, kisha antibayotiki ya metronidazoli, damu inapungua kwa siku chache, halafu inarudi. Miezi inapita hivyo, na uvimbe ambao ungetolewa kwa dakika arobaini unageuka kazi ya kukata puru.

Kanuni ya kufanyia kazi ni hii: mbwa mzima wa umri, mwenye damu mbichi kwenye kinyesi kwa zaidi ya wiki mbili, asipewe kozi ya pili ya dawa kabla daktari wa mifugo hajaingiza kidole. Wengi wa wagonjwa hawa wana umri wa kati na kwenda juu, miaka 6 hadi 9 au zaidi. Dalili nyingine za kutazama ni kinyesi kilichobanwa kama utepe au chenye mfereo upande mmoja, na kinyama chekundu kinachochungulia mkunduni wakati wa haja kisha kurudi ndani. Hicho kinyama huitwa kimakosa bawasiri. Mbwa hapati bawasiri kama ya binadamu, kwa hiyo neno hilo lisimtulize mtu.

Kidole kinavyotumika

Sehemu kubwa ya uvimbe wa puru hukaa mahali ambapo kidole kinafika. Ndiyo maana kipimo hiki kinatangulia vingine vyote, na kikifanywa vizuri huamua pia aina ya upasuaji. Vaa glovu, paka mafuta ya kulainisha kwa wingi, tumia kidole cha shahada kwa mbwa wa kati na mkubwa, kidole kidogo kwa mbwa mdogo. Mbwa anayeumia apewe dawa ya kumtuliza kwanza. Mbwa anayebana mkundu kwa maumivu hapimiki.

Zungusha kidole duara zima, si sakafu ya puru peke yake. Juu unagusa mfupa wa kiuno cha nyuma, na mbele yake, ukifika mbali, tezi za limfu ambazo kwa mbwa mwenye afya hazipaswi kusikika. Chini kuna nyonga na, kwa dume, tezi dume. Pembeni, pale tarakimu 4 na 8 zinapokaa kwenye uso wa saa, kuna vifuko vya mkundu. Ukikuta uvimbe, yaandike mambo haya papo hapo:

- Umbali kutoka ukingo wa mkundu. Bana glovu kwa kidole gumba mahali ukingo ulipogusa, toa, pima kwa rula. "Uko ndani kidogo" haimsaidii mpasuaji. "Sentimita 4, upande wa kushoto" inamsaidia.
- Shina lake. Je, unaning'inia kwa kikonyo, una kitako kipana, au ni vinundu vingi vilivyotandaa?
- Unateleza? Sogeza utando wa ndani juu ya tabaka la misuli. Uvimbe unaoteleza pamoja na utando haujazama. Uliogandamana na ukuta umeshapita utando.
- Unazunguka? Uvimbe unaofanya pete na kubana njia ndio wenye matarajio mabaya kuliko wote.
- Unavutika? Uvute taratibu kuelekea mkunduni. Ukitoka nje, au ukikaribia kutoka, pengine unaweza kutolewa bila kupasua mahali popote.

Usiuminye. Vinyama hivi ni laini na huchubuka kwa urahisi. Damu itakayotoka itamtisha mwenye mbwa bila faida yoyote kwako.

Kidole hichohicho hutenganisha magonjwa yanayofanana. Tezi dume iliyovimba husukuma puru kutoka chini, lakini utando wa juu yake huwa mzima kabisa. Ngiri ya msamba humfanya mbwa ajikamue, na kidole hukengeuka kando kwenye mfuko wa kinyesi. Vinundu vya ngozi kuzunguka mkundu wa dume asiyehasiwa mara nyingi ni adenoma (uvimbe usio saratani) ya tezi za pale, na mingi hunywea baada ya kuhasiwa. Saratani ya kifuko cha mkundu iko nje ya ukuta wa puru, huweza kupandisha kalsiamu ya damu na kumfanya mbwa anywe maji kupita kiasi, na mpango wake wa tiba ni mwingine kabisa. Kuchanganya mambo haya manne na uvimbe wa puru ndilo kosa la kwanza linaloharibu kazi.

Vipimo kabla ya kisu

Damu kamili, ini, figo na kalsiamu hupimwa kwa kila mgonjwa. Chembe nyeupe zikiwa juu sana kwa mbwa asiye na homa, usikimbilie kutafuta usaha: polipu ya puru (kinyama kinachoota kwenye utando) yenyewe imewahi kuripotiwa kupandisha chembe hizo, na zikashuka ilipotolewa. Eksrei za kifua zipigwe tatu, moja kila ubavu na moja ya juu kwenda chini, na zipigwe kabla mbwa hajalazwa muda mrefu kwa usingizi, maana mapafu yaliyolala upande mmoja huficha vivimbe vidogo. Ultrasaundi ya tumbo hutazama tezi za limfu za kiunoni, ini na utumbo uliobaki. Tezi iliyokua ichomwe sindano na chembe zake zipelekwe maabara. Ndani ya nyonga ultrasaundi haioni vizuri kwa sababu ya mfupa. Hapo skani ya CT ndiyo inayosema ukweli, na inafaa hasa uvimbe ukiwa mpana, umegandamana au kidole hakifiki mwisho wake.

Kolonoskopi, yaani kuchungulia utumbo mpana kwa kamera, ina kazi moja muhimu: kuhakikisha hakuna uvimbe wa pili juu zaidi. Kumtoa mbwa kinyama kimoja na kumwachia kingine sentimita 15 mbele ni kazi bure. Lakini usafishaji wa utumbo kwa ajili ya kolonoskopi usiangukie siku moja na upasuaji. Sababu inafuata chini.

Sasa kipande cha maabara. Kipande kinachong'olewa juu juu kwa koleo la endoskopi humwonyesha mwanapatholojia uso wa uvimbe tu, ilhali saratani inaweza kuwa kwenye shina. Jibu la "polipu" kutoka kipande kama hicho lisiaminiwe kuliko kidole. Kama uvimbe ni mgumu, una kidonda au hautelezi, upangie kama saratani hata karatasi ikisema vingine. Kwa kinyama kidogo chenye kikonyo, njia bora ni kukitoa chote na kukipeleka chote. Kipande cha awali ni cha lazima katika hali mbili: uvimbe uliotandaa au wenye pete, ambao kuutoa kunamaanisha kukata puru zima, na pale unaposhuku limfoma (saratani ya chembe za limfu), kwa sababu limfoma hutibiwa kwa dawa na mbwa asingestahili kupoteza puru yake.

Ni uvimbe gani hasa

Polipu za adenoma, kasinoma (saratani ya utando) ambayo bado haijavuka utando, na adenokasinoma (saratani ya tezi za utando) iliyozama ni ngazi tatu za njia moja. Katika mbwa 34 wa polipu na kasinoma changa walioripotiwa mwaka 1997, uvimbe wa mbwa 6 ulionekana kugeuka saratani kamili, na dalili zilirudi kwa mbwa 14. Kwa hiyo "ni polipu tu" si sababu ya kungoja mwaka.

Nje ya njia hiyo kuna leiomioma ya misuli, ambayo utando wa juu yake huwa mzima na hutoka kama yai likishafunguliwa, leiomiosakoma, yaani saratani ya misuli hiyo, plasmasaitoma, uvimbe wa chembe za plasma ambao kwa kawaida ni tulivu na hutosheka na kutolewa mahali pake, na limfoma. Kwa Dachshund wadogo, hasa nchini Japani, kuna polipu za uchochezi zisizo saratani, nyingi na ndogondogo, ambazo wengi wao hupata nafuu kwa dawa za kupunguza kinga ya mwili. Huko huko, katika Jack Russell Terrier, imepatikana polipu ya kurithi inayotokana na hitilafu ya jeni la APC; mbwa wa aina hiyo apimwe tumbo la chakula pia, si puru peke yake.

Kuchagua upasuaji

Shabaha ni operesheni ndogo kuliko zote inayotoa uvimbe wote. Sababu ni msuli wa kufunga mkundu na neva zake: kila sentimita ya puru inayokatwa ina bei, na bei hiyo hulipwa na mbwa pamoja na wale anaoishi nao ndani. Majaribio ya zamani kwa mbwa yalionyesha kwamba kukata sentimita 4 za puru kulivumilika, ilhali sentimita 6 kulileta kushindwa kuzuia haja. Kubakiza sentimita 1.5 za mwisho karibu na mkundu husaidia sana mbwa aendelee kuhisi na kubana.

Uvimbe unaoteleza, usiozunguka, unaovutika hadi mkunduni, utolewe kwa kupindua puru nje. Uliozama kwenye ukuta wa puru ya kati au ya mwisho unahitaji kuvutwa kwa puru na kukata ukuta mzima. Ulio juu zaidi, mpakani mwa puru na utumbo mpana, hufikiwa kwa tumbo, na mara nyingine kwa kukata mfupa wa kinena au kuunganisha njia ya tumbo na ya mkundu. Kuvuta puru na kupitia tumboni ni kazi za mpasuaji bingwa. Daktari wa kliniki ya kawaida anayeanza kuvuta puru kwa mara ya kwanza bila msaada anahatarisha mgonjwa. Kupindua, kwa upande mwingine, ni kazi anayoweza kuifanya vizuri.

Maandalizi

Chakula kizuiwe kwa muda wa saa 12. Usimpe enema (maji ya kusafisha utumbo kupitia mkunduni) siku ya upasuaji wala usiku wa kuamkia siku hiyo. Kinyesi kigumu hukaa mahali pake na huondolewa kwa kidole mbwa akishalala; kinyesi kilichogeuzwa maji hutiririka juu ya jeraha saa nzima, na hakuna kitambaa kinachokizuia. Hili ndilo kosa la mara kwa mara la watu wenye nia njema.

Antibayotiki iingie kwenye mshipa dakika 30 kabla ya kukata, si baada. Sefoksitini miligramu 30 kwa kilo inafaa kwa sababu inafika hadi bakteria wasiohitaji hewa. Irudiwe kila saa moja na nusu hadi mbili operesheni ikiendelea. Sefazolini miligramu 22 kwa kilo pamoja na metronidazoli ni mbadala unaokubalika. Baada ya kupindua bila tatizo, hakuna haja ya wiki nzima ya vidonge.

Ganzi ya uti wa mgongo, mofini isiyo na kihifadhi miligramu 0.1 kwa kilo pamoja na bupivakaini, hulegeza msuli wa mkundu na kuacha puru itoke kwa urahisi. Bila hiyo utavuta kwa nguvu, na nguvu hupasua. Bupivakaini hushusha shinikizo la damu, hivyo lipimwe muda wote.

Mlaze mbwa kifudifudi, miguu ya nyuma ikining'inia mwisho wa meza juu ya taulo nene ili neva za mapaja zisibanwe, mkia umefungwa kuelekea mgongoni. Meza iinamishwe kidogo tu. Ikiinama sana, matumbo husukuma kiwambo na mbwa mnene hushindwa kupumua. Kamua vifuko vya mkundu, safisha, kisha ingiza kitambaa cha pamba chenye uzi mrefu mbele ya uvimbe kuzuia kinyesi. Andika ubaoni kwamba kipo. Vitambaa vya aina hii vimesahaulika mara nyingi kuliko wapasuaji wanavyopenda kukiri.

Kupindua puru na kutoa uvimbe

Fungua mkundu taratibu kwa vidole viwili. Weka nyuzi za kushikilia tatu au nne kwenye utando, sentimita 1 hivi mbele na kando ya uvimbe, ukichukua tabaka chini ya utando pia. Uzi ulioshika utando peke yake hukatika ukivutwa. Vuta nyuzi zote kwa pamoja hadi uvimbe utoke nje, kisha weka nyingine mbele zaidi ikiwa ukingo wa juu hauonekani. Usianze kukata kabla hujauona ukingo huo wote.

Kata kuuzunguka ukiacha ukingo wa utando mzima wa milimita 5 hadi 10. Kina chake ni tabaka lililo chini ya utando. Misuli ikionekana ikiwa safi, myeupe-pinki, umefika. Kama uvimbe unashika misuli, simama ufikiri: ama toa kipande cha ukuta mzima hapo, ukijua mshono utabeba zaidi, ama rudi kwenye mpango wa kuvuta puru.

Hapa ndipo watu huteleza. Ukikata duara zima kisha ndipo utafute sindano, ukingo wa mbele utarudi ndani na kupotea. Kata robo, shona robo, endelea. Tumia uzi wa kujiyeyusha wa nyuzi moja, polidioksanoni au poliglekaproni, namba 3-0 au 4-0. Panga mshono ukae kwa upana wa puru badala ya urefu wake, ili njia isibanike. Umeme wa kuchoma utumike kwa damu tu na kwa nguvu ndogo: tishu iliyoungua hufa siku ya tatu au ya nne, na tundu hujitokeza mbwa akiwa nyumbani.

Kata nyuzi za kushikilia, puru irudi, toa kitambaa, pitisha kidole. Kidole kipite bila kubanwa.

Uvimbe utandazwe kwenye kadi kwa pini, upande wa mbele ukiwekwa uzi mmoja na wa kushoto nyuzi mbili, kando na chini zipakwe wino, kisha kadi yote itumbukizwe kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara kumi wa kipande. Kipande kilichotupwa chupani bila alama hujikunja, na mwanapatholojia hawezi kusema ni ukingo upi una saratani. Muulize waziwazi: kimezama hadi tabaka gani, na kingo ziko safi?

Kuvuta puru, kwa ufupi

Puru hupinduliwa nje kwa nyuzi, hukatwa duara zima sentimita 1.5 hivi kutoka mpaka wa mkundu na ngozi ili ukanda huo ubaki, kisha hutenganishwa na tishu za jirani kwa kushikana na ukuta wake. Kila milimita ukisogea mbali na ukuta unakaribia neva. Puru huvutwa hadi ukingo mzima uonekane mbele ya uvimbe, hufunguliwa kwa urefu kuhakikisha, hukatwa na kushonwa sehemu kwa sehemu, tabaka mbili kwenye kingo zisizo na mvutano. Mvutano ndio adui mkuu: mshono unaovutwa huachia, na kuachia ndani ya nyonga kunamwaga kinyesi mahali pasipo njia ya kutokea.

Wiki mbili za kwanza

Mwenye mbwa apewe maagizo haya kwa maandishi. Kola ya kuzuia kulamba ivaliwe saa zote, usiku pia. Hakuna kipima joto mkunduni, hakuna enema, hakuna kidole hadi siku ya kurudi; joto lipimwe kwapani au sikioni, likijulikana kwamba kwapa husoma chini kidogo. Chakula kianze siku hiyohiyo au kesho yake, kidogokidogo, chenye mabaki machache, yaani kinachoacha kinyesi kidogo.

Kinyesi kiwe laini lakini kimeumbika. Laktulosi huanza na mililita 0.5 kwa kilo kila saa 8 hadi 12, kisha dozi huongezwa au kupunguzwa kwa kutazama kinyesi chenyewe. Mbwa akianza kuharisha, punguza. Maji yanayopita kwenye mshono ni mabaya kama kinyesi kigumu. Dawa ya maumivu ni ile aliyoandikiwa mbwa. Ibuprofeni, diklofenaki na paracetamol za kabati la nyumbani zisiguswe.

Damu kidogo na kujikamua kwa siku 5 hadi 7 ni kawaida, hata wiki mbili baada ya kuvuta puru. Kujikamua hakumaanishi choo kimefunga. Mshono unawasha na mbwa anadhani kuna kitu. Kumpa enema kwa sababu hiyo kumeharibu mishono mizima.

Kinachoharibika, na lini

Siku ya 3 hadi ya 5 ndiyo ya kuogopa. Mbwa aliyekuwa akila akikataa chakula, akawa na homa, akalala kinyonge, msamba ukavimba au tumbo likauma, mshono umeachia hadi ithibitike vinginevyo. Arudi saa hiyohiyo, si kesho asubuhi. Mshono ulioachia ndani ya nyonga hauponi kwa vidonge. Unahitaji kufunguliwa, kuoshwa, na mara nyingi kushonwa upya.

Puru kutoka nje mapema hutokana na kujikamua. Irudishwe ikiwa hai na yenye unyevu, ishikiliwe kwa mshono wa kuzunguka mkundu unaoacha nafasi ya kinyesi laini, na sababu ya kujikamua itibiwe.

Kubanika kwa njia huja polepole, kati ya wiki ya 3 na ya 6: kinyesi chembamba, mbwa anapiga kelele akienda haja. Kidole hukuta pete ngumu. Hupanuliwa kwa puto au vipanuzi chini ya usingizi, mara kadhaa kwa nafasi, na wengine hudungwa triamsinoloni, dawa ya jamii ya steroidi, kwenye kovu. Kabla ya kulaumu kovu, hakikisha pete hiyo si saratani iliyorudi, kata kipande.

Kushindwa kuzuia haja ndilo tatizo linalowafanya watu wajute. Katika ripoti ya mwaka 2014 ya mbwa 74 waliovutwa puru, asilimia 78.4 walipata angalau tatizo moja. Waliotokwa haja bila kujua walikuwa 42, na kwa 23 kati yao hali hiyo ilidumu. Njia ilibanika kwa mbwa 16, na mshono uliachia kwa 6. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya upasuaji, na mwenye mbwa aulizwe swali la wazi: mbwa analala wapi, nani atasafisha, na je, ataweza kwa miaka? Hali ikitokea, usikate tamaa ndani ya miezi ya mwanzo, kwa sababu wengine huimarika. Chakula chenye mabaki machache mara mbili kwa saa zilezile, kutolewa nje mara baada ya kula, na loperamidi miligramu 0.1 kwa kilo chini ya daktari hupunguza ajali. Collie na mbwa wa ukoo wao wenye hitilafu ya jeni la MDR1 wasipewe loperamidi. Huingia ubongoni na kuwalevya.

Pasipo upasuaji

Mbwa asiyefaa kukatwa si mbwa asiye na tiba. Piroksikamu, dawa ya kupunguza maumivu na uchochezi, miligramu 0.3 kwa kilo mara moja kwa siku, pamoja na chakula, hupunguza damu na kujikamua, na polipu nyingine hunywea. Figo zipimwe kabla na wakati wa matumizi. Kamwe isichanganywe na prednisoloni wala dawa nyingine ya jamii yake. Kutapika au kinyesi cheusi kama lami ni ishara ya kuiacha siku hiyo. Laktulosi huongezwa ili kinyesi kipite pembeni ya uvimbe.

Mionzi ya dozi chache kubwa hutumika kwa uvimbe usiotoleka na huweza kuleta nafuu ya muda mrefu. Neli ya chuma inayojitanua huwekwa palipobanika, lakini mbwa wengine huendelea kujikamua au hushindwa kuzuia haja. Kugandisha uvimbe kwa baridi kali kulipendwa zamani. Kovu, puru kutoka nje na ngiri ya msamba vimeipunguzia njia hiyo wafuasi. Kemotherapia baada ya kutoa adenokasinoma haijathibitishwa kurefusha maisha, hivyo isiuzwe kama lazima. Kwa limfoma ndiyo tiba yenyewe: katika mbwa 31 wa limfoma ya puru na utumbo mpana walioripotiwa mwaka 2017, nusu walivuka siku 1,845, jambo lisilotarajiwa na mtu aliyezoea limfoma ya utumbo mwembamba.

Matarajio

Umbo lililosikika kwa kidole siku ya kwanza linatabiri mengi. Katika mbwa 78 wa adenokasinoma walioripotiwa mwaka 1987, wenye uvimbe wa pete unaobana waliishi wastani wa miezi 1.6, wenye vinundu miezi 12, na wenye kinyama kimoja cha kikonyo miezi 32. Baada ya kuvuta puru, katika ile ripoti ya mwaka 2014, nusu ya mbwa wote walivuka siku 1,150. Wenye kasinoma iliyozama siku 696, na wenye kasinoma changa isiyovuka utando siku 1,006. Uvimbe ulirudi palepale kwa mbwa 10 kati ya 74. Saratani hii husambaa polepole kuliko ya utumbo mwembamba, na mbwa wengi husumbuliwa na uvimbe wa palepale kabla mapafu hayajaguswa. Ndiyo sababu kingo safi zina thamani kuliko dawa yoyote inayofuata.

Maabara ikijibu kwamba kingo zina uvimbe, kuna njia mbili zinazokubalika: kukata tena mapema, kovu likishatulia, au kufuatilia kwa karibu ikiwa uvimbe ulikuwa adenoma au kasinoma changa. Uchaguzi wa pili si uzembe, ili mradi kidole kinaingia kwa ratiba: wiki ya 2 hadi ya 3 kuangalia mshono, kisha miezi ya 1, 3, 6 na 12, halafu kila miezi 6. Kwa adenokasinoma, ongeza ultrasaundi ya tezi za kiunoni na eksrei za kifua kila miezi 3 hadi 6 mwaka wa kwanza. Kila ziara linganisha na umbali na umbo ulioandikwa mwanzo. Na damu ikirudi kwenye kinyesi kati ya ziara, hata mara moja, tarehe ya ratiba isingojwe.